Mtani Hakasirikiwi

Nchi ninayotaka kukusimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukisoma mpaka mwisho ukaona inafanana na nchi fulani unayoifahamu, ilaumu nchi hiyo, usinilaumu mimi. Mimi ni mwananchi mtiifu. Nimecheka kila nilipoamriwa kucheka, isipokuwa siku moja tu, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Tulikuwa na mapinduzi. Yalikuwa mapinduzi mazuri, ya asubuhi, na watu wengi walipata nafasi ya kunywa chai kwanza. Gavana wa wageni aliposikia kelele alidhani ni shangwe za siku yake ya kuzaliwa, akatoka roshanini kutupungia mkono. Alipoona mawe yanakuja akaelewa. Akaingia kwenye gari na mbwa wake, akamsahau mkewe, akarudi kumchukua, na tangu hapo hatujamwona tena. Ikulu ikabaki wazi, kuku wanaingia na kutoka. Sisi tukasimama uwanjani tunatazamana. Kuondoa serikali tulikuwa tumejifunza, lakini hakuna aliyekuwa amefikiria jinsi ya kuweka nyingine.

Hapo ndipo Lugome Kisandu alipopanda ngazi. Lugome alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, mnene, mwenye mashavu ya kazi. Wapo wanaosema alipanda kutafuta choo. Mimi siamini maneno ya namna hiyo. Ninachojua ni kwamba alifungua mlango wa kwanza aliouona, akakuta kiti cha Gavana, na kwa kuwa tarumbeta ni nzito na jua lilikuwa kali, akakaa. Tulipoingia tukamkuta amekaa vizuri kabisa, kama aliyepimiwa kiti kile, tukajua tumepata kiongozi. Jioni ileile alikuwa anaitwa Mwenyekiti, na aliyemwita Lugome alitakiwa aeleze ana maana gani.

Mawaziri walipatikana kwa haki. Kila aliyefika Ikulu siku ile akiwa na viatu miguuni alipewa wizara. Mwenye buti akapewa Ulinzi, mwenye raba akapewa Michezo, na yule aliyekuja na viatu vya kuazima akapewa Fedha. Jaji Mkuu akateuliwa shemeji yake Mwenyekiti kwa sababu ya uzoefu: miaka yote alikuwa akiamua ugomvi wa Lugome na mkewe, na hakuwahi kumkuta Lugome na kosa, ingawa mke huyo ni dada yake wa tumbo moja. Bunge nalo likawekwa kwenye ghala la pamba, kila mbunge akafungiwa kitufe cha Ndiyo mbele yake. Kitufe cha Hapana kiliagizwa ng'ambo. Tunaambiwa meli iko njiani.

Tukaona tumemaliza kazi. Kumbe bado.

*

Wakaja mabalozi wa nchi zinazotukopesha. Wakazungushwa, wakaonyeshwa wizara, wakaonyeshwa ghala, wakabonyeza vitufe vya Ndiyo wakavisifia ulaini wake. Halafu mmoja wao, mtu mrefu aliyekuwa akijipepea kwa kofia, akauliza: "Na upinzani uko wapi?"

Mwenyekiti akamgeukia Waziri wa Ulinzi. Waziri wa Ulinzi akasema walikuwepo kidogo, lakini wameshughulikiwa.

"Hapana," balozi akasema, "serikali ya kisasa lazima iwe na wa kuipinga. Bila hivyo hatuwezi kukopesha."

Ndipo akasimama Dakta Ezironi Makoba, mwanasheria wetu wa pekee, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni na koti zito ambalo hakulivua hata Januari. Akakohoa. Akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, upinzani tunao tangu enzi za mababu. Tuna watani."

Labda kwenu hakuna, basi nieleze. Mwenyekiti ni Mlunji. Walunji na Wadumbe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakafanya utani. Mdumbe anaweza kumvua Mlunji kofia njiani, akamwita mwizi mbele ya wakwe zake, akala chakula chake na kukiponda. Mlunji hana la kufanya ila kucheka na kurudisha utani wake. Tena Mlunji akifa, Wadumbe ndio wanaochimba kaburi, na lazima mmoja wao ashuke, alale ndani, akatae kutoka mpaka wafiwa wampe kitu, kuku au doti ya khanga. Watu wanacheka kidogo katikati ya kilio, anatoka, marehemu anazikwa. Ni desturi nzuri. Imetuokoa na damu nyingi.

Dakta Makoba akaichukua akaitia kwenye katiba. Ibara ya Tisa: *Mtani hakasirikiwi.* Kuanzia siku hiyo, upinzani wote wa nchi ulikabidhiwa Wadumbe. Mdumbe akimsema Mwenyekiti, ni halali. Ili pasiwe na mashaka kwamba ni utani, kila anayesikia anatakiwa kucheka, na asiyecheka amelichukulia neno lile kuwa la kweli, na kulichukulia kuwa la kweli ni uhaini. Asiye Mdumbe akifungua mdomo, kosa lake linaitwa Kutania Bila Undugu, na kifungo chake hakikuandikwa mwisho.

Mabalozi wakafurahi mno. Wakasema hawajaona upinzani wenye mizizi ya kiutamaduni kiasi kile. Fedha zikaja, Ikulu ikaanza kuongezwa ghorofa.

Tukaundiwa pia Wizara ya Utani. Waziri wake akawa Bwana Tengo Msisiri, mtu ambaye hata mkewe hajawahi kuona meno yake.

*

Sasa nikupeleke sokoni, kwa Zamoyoni.

Zamoyoni alikuwa Mdumbe, muuza karanga, mwanamke mwenye sauti ya kusikika kutoka machinjioni mpaka stendi. Kwenye misiba ya Walunji yeye ndiye aliyekuwa akishuka kaburini, na hakuna aliyejua kudai kuku kama yeye. Mumewe aliitwa Kapela, fundi baiskeli, mpole, mwembamba. Kapela alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, na watu wa ng'ambo ya ziwa hawana utani na Walunji. Kumbuka hilo.

Mwenyekiti alikuja kutembelea soko. Zamoyoni akaweka sinia chini, akashika kiuno. "Wewe Lugome! Ikulu unaipandisha ghorofa, hospitali yetu haina paa. Mvua ikinyesha wagonjwa wanaogeshwa bila kuomba!"

Tulicheka. Mara ile tulicheka kwa raha zetu, maana ilikuwa kweli. Mwenyekiti naye akacheka mpaka akafuta machozi, akamzawadia Zamoyoni khanga yenye picha yake, uso mkubwa katikati na tarumbeta kwenye pindo. Wapiga picha wakapiga. Kesho yake magazeti yakaandika: UPINZANI WASHAMIRI.

Kesho yake hiyohiyo Kapela alikuwa amepindua baiskeli ya mteja, anatoa tairi. Mteja akamuuliza mkewe alisema nini jana hata akapewa khanga. Kapela akamwambia. Hakuongeza neno, hakupunguza. Mteja akacheka sana, akamshika bega, akasema hajapata kusikia jambo la kuchekesha namna ile. Halafu akatoa pingu.

Baiskeli ikabaki pale imepinduliwa, gurudumu la mbele likiendelea kuzunguka.

*

Zamoyoni akaenda Wizara ya Utani. Mimi nilikuwa tarishi pale, nilikuwa mlangoni, nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imeshuka, "mume wangu amefungwa kwa maneno yangu. Maneno ni yangu. Nifungeni mimi, yeye mwacheni."

Waziri Tengo akafikiri. Akawaita makatibu wake. "Mmesikia? *Nifungeni mimi.*" Makatibu wakacheka kwa utaratibu, kuanzia mwandamizi kushuka chini.

"Sitanii, Baba."

"*Sitanii*, anasema!" Wakacheka tena.

"Mheshimiwa, nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Kapela ana kifua, anakohoa. Huko ndani hawezi kumaliza masika."

Waziri akainua mkono kuwanyamazisha, akamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Mama, wewe ni Mdumbe. Kila unalosema kuhusu serikali hii ni utani. Hiyo ni haki yako ya kikatiba, na sisi tunailinda kwa gharama kubwa. Siwezi kuyachukulia maneno yako kuwa ya kweli. Nikifanya hivyo nafungwa mimi."

"Basi niondoeni kwenye utani. Niandikeni kabila lolote."

"Tutapungukiwa na upinzani," akajibu Waziri, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Akaenda kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu akasema mahakama yake inapokea kesi, haipokei vichekesho. Akajaribu kulia mbele ya lango la Ikulu. Walinzi wakaitana waje waone, kwa sababu utani wa machozi ulikuwa bado mgeni nchini, na magazeti yakauita hatua mpya katika sanaa yetu. Kila alipopeleka chakula gerezani, Mkuu wa Gereza, Afande Pazi, alikipokea kwa heshima, akacheka kidogo kama sheria inavyotaka, akamrudishia bakuli tupu. Zamoyoni alilitazama lile bakuli akijua angalau Kapela amekula. Mimi nilikuwa nikimwona akipita barabarani na bakuli lake, na niseme wazi, roho yangu ilikuwa inawaka. Lakini nilikuwa na kazi ya serikali, nikacheka.

Ikaja sherehe ya Mapinduzi, uwanja umejaa pomoni. Wizara ikampandisha Zamoyoni jukwaani kama mtani bora wa taifa, apewe nishani. Mwenyekiti akainama kumvisha. Zamoyoni akapiga magoti, akaishika ile mikono ya nishani, na mbele ya kipaza sauti akasema maneno matatu tu: "Nirudishie mume wangu."

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Watu walikuwa na njaa, wamesimamishwa juani tangu alfajiri, na askari walikuwa wakipita kati ya safu wakitazama midomo. Kicheko kikapanda, kikazunguka uwanja, kikarudi. Mwenyekiti alishika mbavu. Redio ya Taifa ilikuwa inarekodi, na wataalamu wakakubaliana kwamba hicho ndicho kicheko bora kuwahi kutokea katika nchi huru. Tangu hapo kikapigwa redioni kila jioni, katika kipindi cha Saa ya Kicheko, na kila nyumba ikaamriwa kufungua redio na kucheka pamoja nacho.

*

Halafu mama yake Mwenyekiti akafariki.

Alikuwa bibi mwema, nasema kweli. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akichambua mboga mwenyewe kwenye ngazi za Ikulu na kuwauliza askari kama wamekula. Serikali ikatangaza maombolezo makubwa. Itifaki ikachora mistari ya chokaa uwanjani: hapa watalia mawaziri, hapa watalia mabalozi, hapa wananchi watasimama. Kaburi likachimbwa na Wadumbe, kama desturi, chini ya usimamizi wa Mzee Ndauka, kaka yake Zamoyoni. Mabalozi walikuwa wameelezwa mapema kwamba mtani atalala kaburini, wakaja na kamera.

Jeneza likafika. Bendi ikanyamaza. Zamoyoni akatoka kwenye safu ya wanawake wa Kidumbe, akashuka. Akaitandika ile khanga ya zawadi chini kabisa, uso wa Mwenyekiti ukitazama juu, akalala chali juu yake, akakunja mikono kifuani.

Mwenyekiti akasogea ukingoni. "Mtani, umependeza humo," akasema. Tukacheka. "Nikupe nini utoke? Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Mbuzi?"

"Sitaki."

"Haya, gari!" Mabalozi wakapiga makofi.

"Sitaki gari lako, Lugome."

"Uwaziri basi!" Waziri Tengo akapepesuka, akashikwa na katibu wake.

"Nataka Kapela," Zamoyoni akasema kutoka chini. "Mlete hapa kwa miguu yake. Nitatoka, na nitamwimbia mama yako mpaka sauti inikauke."

Tukacheka, kwa kuwa ilitakiwa. Mwenyekiti akacheka, akangoja atoke. Hakutoka. Jua lilikuwa linachoma, jeneza liko juani, nzi wameanza kuja. Mkuu wa Itifaki akatazama saa. Waziri wa Ulinzi akanong'ona jambo. Dakta Makoba naye akanong'ona, jasho likimtiririka ndani ya koti, kwamba haiwezekani, mabalozi wanaona, na Ibara ya Tisa haina mlango wa nyuma: mtani hakasirikiwi, na maiti haizikwi mpaka mtani aridhike.

Mwenyekiti hakuwa amezoea kusubiri. Usoni hakuruhusiwa kukasirika, na hasira ilikuwa imemjaa mpaka mashavuni. Likabaki jambo moja tu ambalo Mlunji anaruhusiwa kulifanya, nalo ni kurudisha utani. Akainama juu ya kaburi la mama yake, akacheka kwa nguvu, akasema:

"Kapela? Huyo mbona tulishamfukia! Nyuma ya gereza, tangu masika! Unataka nikamfukue?"

Kicheko kikaanza mbele kwa mawaziri, kikashika kwa makatibu, kikaja kwetu. Lakini nyuma ya Mwenyekiti alikuwa amesimama Afande Pazi, Mkuu wa Gereza. Afande Pazi hakucheka. Alikuwa amemgeukia Mwenyekiti mdomo wazi, kama mtu aliyeagizwa kutunza siri halafu mwenyewe mwenye siri akaitangaza sokoni. Kofia ikamdondoka mkononi. Hakuiokota.

Sote tulimwona. Kicheko kikafika kwetu kikafa.

"Nani alimchimbia?" Zamoyoni akauliza.

Mwenyekiti akaangaza huku na huku.

"Lugome, nakuuliza kwa amani. Nani alimchimbia kaburi mume wangu? Na mlimwambia nani alie? Na chakula changu alikuwa anakula nani?"

"Mtani, jamani, ni utani tu," akasema Mwenyekiti. "Utani!"

"Basi cheka."

Akafungua mdomo. Nilikuwa karibu, nililiona hata jino lake la dhahabu. Akatoa sauti, akaingoja yetu iungane nayo. Askari wakaanza kupita kati ya safu wakitazama midomo, kama kawaida yao. Wakakuta midomo yote imefungwa, na yangu ikiwemo, na walipofika kwenye safu ya mwisho hata wao walikuwa wameifunga.

Mzee Ndauka akamnyooshea dada yake mkono, akamvuta juu. Khanga akaiacha kulekule chini. Zamoyoni akajipangusa udongo. "Mama yako nilimpenda," akamwambia Mwenyekiti. "Alinipa maji mimi nikilia langoni kwako. Mzikeni wenyewe. Sisi tuna kaburi jingine."

Wadumbe wakaweka majembe na sepetu mabegani.

"Wazuieni!" akapiga kelele Waziri wa Ulinzi.

Sajini mmoja akapiga saluti. "Kwa kosa gani, Mheshimiwa? Hawa ni watani."

Waziri akamgeukia Dakta Makoba ili asome kifungu. Dakta Makoba alikuwa ameshafika getini, ameacha koti.

*

Tulikwenda wote. Nyuma yetu tuliwaacha mawaziri wakigombania sepetu moja iliyosahauliwa, kila mmoja akimsukumia mwenzake, na mabalozi wakiulizana kama hiyo nayo ni sehemu ya desturi.

Nyuma ya gereza palikuwa na bustani ya Afande Pazi. Ilikuwa bustani ya mchicha, tena mchicha uliostawi, majani mapana ajabu. Wote tulikuwa tukiujua ule mchicha. Ulikuwa ukiuzwa sokoni, jirani kabisa na sinia la Zamoyoni, na nyumbani kwangu tulikuwa tukiupenda. Mzee Ndauka akasimama akautazama kwa muda, kisha akapiga jembe la kwanza.

Kapela tulimtambua kwa kandambili zake za tairi, alizozikata mwenyewe. Hakuwa peke yake. Kila tulipochimba tulikuta mtu, na kila mtu alikuwa na mwenyewe pale kwenye umati, na watu wakaanza kuitana kwa majina ya ukoo na kulia kilio ambacho hakikuomba ruhusa ya wizara. Zamoyoni hakulia. Alikaa chini kwenye tuta, akampakata Kapela kama alivyokuwa, akaanza kumtoa udongo kwa ncha ya kidole, polepole, kwenye mikunjo ya nguo.

Jua likazama. Kwenye kibaraza cha Afande Pazi redio ilikuwa imeachwa wazi. Muziki ukapigwa, mtangazaji akawatakia wananchi jioni njema, kisha Saa ya Kicheko ikaanza. Wataalamu walikuwa wamekata mwanzo wa ile rekodi, lakini hawakuukata vizuri. Siku zote kabla ya kicheko palikuwa na sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Jioni ile, kwa kuwa hakuna aliyecheka, tuliisikia vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke, inasema, "...mume wangu."

Halafu uwanja mzima ukacheka.

Zamoyoni hakuinua kichwa. Mzee Ndauka akalaza jembe chini, akapanda kibarazani, akaizima. Mlinzi wa gereza alikuwa amesimama pale mlangoni na bunduki yake. Akasogea kumpisha.